Nampenda akiwa mbali. Sasa anakuja tuishi pamoja

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33. Jambo hili sijamweleza mtu yeyote, kwa sababu kila nikijaribu kulipanga kichwani nashikwa na aibu. Wenzangu wanalia kwa kuachwa. Mimi nalia kwa sababu mtu wangu anarudi.

Tuko pamoja mwaka wa tano sasa. Mwaka wa kwanza tulikuwa mji mmoja, kisha akahamishwa kikazi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Tangu hapo tunaonana mara tatu au nne kwa mwaka, siku tano hivi kila mara, halafu tunarudi kwenye simu. Anapiga saa tatu usiku, na neno lake la kwanza halibadiliki: "Uko wapi?" Namwambia nilipo, jikoni, kitandani, nje naanua nguo, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Nadhani anataka kwanza anione mahali.

Miezi ya mwanzo niliumia vibaya. Nilikuwa nikifungua kabati nikiona vikombe viwili, koo linakaza. Baadaye, sijui ilikuwa lini hasa, maumivu yale yakageuka. Hayakupungua, Shangazi. Yaliingia utamu. Nikaanza kuyangojea. Kuagana kituoni, kiganja chake kwenye kioo, basi likikata kona, kisha mimi kurudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimejaa machozi: siku hizo ndizo nilizokuwa nikijua kweli kwamba nina moyo.

Nina shati lake moja. Ni la kijivu, kola imechakaa upande wa kulia. Nimelitia ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko nao ndani ya mwingine, harufu isitoke. Nalifungua Jumapili usiku tu, maana nikilifungua kila siku litaisha. Nalegeza fundo polepole, naweka uso, navuta pumzi mara tatu, nafunga. Kifua kinabana hadi machozi yanatoka. Katika wiki nzima hakuna ninachokipenda kama dakika hiyo.

Mara ya mwisho alipata likizo ndefu, akakaa siku kumi. Siku mbili za kwanza zilikuwa kama kawaida yetu, hatukulala kwa maneno. Siku ya tatu asubuhi alikaa dirishani akawa anakata kucha. Nilimtazama nikingoja kile kitu kije. Hakikuja. Haikuwa hasira wala kinyaa, ulikuwa ukimya tu, kama redio iliyozimwa. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikatoa ule mfuko chini ya nguo zangu. Haikuwa Jumapili. Nikalifungua shati, nikalia kwa kumkosa mtu ambaye nilikuwa nikimsikia, tik, tik, upande wa pili wa ukuta.

Jioni tulikuwa tumekaa kochi moja, bega kwa bega, akanigeukia akauliza, "Uko wapi?" Nikamjibu nipo hapa. Hakuuliza tena.

Sasa uhamisho wake umekubaliwa. Zimebaki wiki tisa. Amefurahi kama mtoto. Ameniandikia ujumbe kuuliza kama auze kitanda chake au aje nacho. Leo ni siku ya nne sijamjibu.

Ni mtu mzuri, nataka ulijue hilo. Hanidanganyi, hanipandishii sauti. Labda niongeze na hili, ingawa sijui kama linahusika: baba yangu alifanya kazi mbali. Wiki moja kabla hajarudi, Mama alikuwa akiimba. Baba akiwa nyumbani, haimbi.

Je, nampenda yeye, au naupenda uchungu? Nimwambie asije? Au ninyamaze, nizoee kama wanavyozoea wengine?

Mwenye shati

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mchana, nikairudia usiku. Nianze na aibu, maana nahisi ndiyo inayokubana kuliko shati lenyewe. Ulichokigundua, kwamba raha na maumivu vinaweza kulala kitanda kimoja, watu wamekishangaa tangu zamani sana. Mwaka 399 kabla ya Kristo, huko Athens, Ugiriki, mwanafalsafa Socrates alifunguliwa minyororo asubuhi ya siku aliyouawa. Mwanafunzi wake, Plato, ameandika kwamba aliketi kitandani, akaukunja mguu, akawa anausugua pale chuma kilipokuwa, na akastaajabu: mahali palipouma dakika chache nyuma sasa panaleta raha. Akasema raha na maumivu havikubali kumjia mtu kwa pamoja, lakini ukikimbiza kimoja ukakikamata, karibu kila mara unajikuta umeshika na cha pili, kama miili miwili iliyounganishwa kichwa kimoja. Mtu aliyebakiza saa chache za kuishi alipata nafasi ya kuliwaza jambo hilo. Usijione wa ajabu.

Na lugha yetu inalijua. Neno hamu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni dhiki na wasiwasi wa moyo, na kamusi zetu za zamani zinaipa hamu maana mbili: kutamani sana, na huzuni. Anayesema "nina hamu nawe" ametaja vyote viwili kwa pumzi moja, ajue asijue.

Sasa nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una mtu mwema unayemtamani kwa nguvu akiwa hayupo. Akiwepo, baada ya siku mbili tatu, tamaa ile inazima, na kuzima kwake kunakutisha kuliko kulivyokutisha kuondoka kwake. Katika wiki tisa atafika na mizigo, na unaona kama anakuja kukunyang'anya yeye mwenyewe.

Swali lako umeliuliza kama mzani, upande huu yeye, upande ule uchungu, nami nichague. Nitakuomba tuuweke mzani chini kidogo, kwa sababu unabeba dhana ambazo sina hakika nazo.

Ya kwanza ni kwamba unachokihisi Jumapili usiku ndicho kipimo cha mapenzi. Kuna mtafiti wa ubongo, Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, ambaye tangu miaka ya 1980 amefuatilia jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Yeye na wenzake walichunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote ubongoni, ile kemikali ambayo wengi tumezoea kuiita ya raha. Panya wale waliacha kula kabisa, chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kwa utamu ule ule wa panya wazima. Raha ilikuwepo. Kilichoondoka kilikuwa kutaka. Kwa hiyo kutaka kitu na kukifurahia kitu ni kazi mbili mwilini. Mara nyingi huenda pamoja, lakini zinaweza kuachana, na kutaka kunaweza kukua peke yake hadi kuzidi sana raha ya chenyewe kinachotakwa.

Sikuambii wewe ni panya, mwanangu. Nakuambia kwamba kutaka kwako kumelelewa kila usiku kwa zaidi ya miaka mitatu, kukalishwa, kukawekewa siku na saa yake. Kufurahia kwako kumepewa siku tano tano, na siku hizo zilikuwa zimejaa kutaka hadi pembeni. Siku ya tatu pale dirishani huenda kutaka kulinyamaza, maana kilichotakwa kilikuwa kimekaa kinakata kucha. Kule kufurahia, kwa kuwa hakujazoea kusema peke yake, hakukuwa na sauti bado. Wewe ulisikia ukimya ukauita mwisho. Unaweza kuwa mwisho kweli, siwezi kulikana hilo nikiwa mbali. Lakini asubuhi moja tu ya kucha ni ushahidi mdogo.

Ya pili ni hili neno uchungu. Unasema labda unaupenda. Mimi nimeangalia mikono yako katika barua. Ni wewe unayelegeza fundo, ni wewe unayehesabu pumzi tatu na kufunga. Mwanasaikolojia Paul Rozin, naye wa Marekani, alichapisha na wenzake mwaka 2013 utafiti juu ya watu wanaofurahia mambo yanayopaswa kuwaumiza: hadithi za kuliza, hofu ya kutupwa juu na mashine za michezo, ulimi kuungua. Maelezo yao ni kwamba mwili unashtuka kama uko hatarini, na akili inajua hakuna hatari, na katika pengo hilo ndimo raha inamoingia. Ndiyo maana mtu yule yule anayependa kulizwa na hadithi hapendi kulizwa na msiba wake.

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Kidonda chako si kipya na bado ni kinyemi, kwa hiyo kina kitu zaidi ya upya. Nadhani kitu hicho ni fundo. Maumivu yako yana fundo, na fundo liko mkononi mwako. Mtu aliye hai, aliyeketi dirishani kwako, hana fundo. Ataugua siku usiyopanga. Atakukasirisha Jumatano. Ataweza kukuacha akiwa chumba cha pili, kitu ambacho shati haliwezi. Naogopa kusema zaidi ya ninachojua, lakini najiuliza kama ulichokitafuta mle chumbani ukiwa umefunga mlango kilikuwa ni uchungu, au ni ile nafasi ya kumpenda bila yeye kuweza kukufanya lolote.

Kuhusu Mama yako na wimbo wake: lihifadhi hilo, usilitupe, lakini pia usilifanye hukumu. Ni kweli mtoto hujifunza mapenzi kwa kusikiliza nyumba. Umejifunza kwamba nyumba huimba kabla ya mtu kufika. Hujui kwa nini alinyamaza baba yako alipokuwepo. Huenda alikuwa na huzuni. Huenda pia alikuwa amechoka, au alikuwa akisikiliza. Kama yu hai na mnazungumza, muulize, si kwa ajili ya huyu bwana, kwa ajili yako tu.

Kabla sijaenda kwenye njia ulizotaja, nina swali ambalo ni lazima nikuulize. Ukimya ule uko kwake tu, au umeenea? Kazi, marafiki, chakula, usingizi, bado vina ladha katikati ya wiki? Kama dakika ya shati ndiyo pekee inayokugusa kati ya Jumapili na Jumapili, basi kuna jambo jingine linalohitaji kuangaliwa na daktari au mshauri wa afya ya akili, ukiwa umekaa naye uso kwa uso. Hilo usilingojezee wiki tisa.

Kumwambia asije, au aahirishe, ni njia ya kweli na watu huishi hivyo, wengine kwa kuchagua. Lakini angalia kitu kimoja. Uchungu wenu ulikuwa mtamu kwa sababu haukuwa na mwenye kosa. Kazi ndiyo iliwatenga, nyinyi nyote wawili mlikuwa upande mmoja wa ule umbali. Siku utakapomzuia wewe, umbali utakuwa wako. Usiku saa tatu ataendelea kuuliza uko wapi, na sauti itakuwa nyingine. Sidhani shati litanukia vile vile.

Kunyamaza ukazoea ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, nikiri. Si kwa kuwa watu hawazoei, wanazoea. Ni kwa sababu yeye tayari ameshahisi. Yule mtu amekaa na wewe kochi moja, bega linakugusa, akakuuliza swali ambalo huuliza akiwa mbali. Sijui alimaanisha nini, na huenda ni mazoea tu ya ulimi. Lakini hakuuliza tena, na wewe uliliona hilo kiasi cha kuliandika. Ukinyamaza, mtakuwa watu wawili wanaojua jambo moja kila mmoja peke yake.

Ipo pia njia ya katikati: aje, lakini kwa miezi fulani akae kwake, karibu, kila mtu na mlango wake. Nimeona ikiwasaidia watu waliotoka kwenye umbali mrefu, maana ukaribu nao huingiwa kwa hatua. Ubaya wake ni kwamba, ukiitoa bila kueleza sababu, ataisikia kama amekataliwa kwa adabu. Na kwako inaweza kuwa mfuko wa tatu, wa kufungia ile mifuko miwili.

Basi inabaki kumwambia. Siipambi njia hii. Anaweza kuumia. Anaweza kurudi nyuma, akaanza kujichunga mbele yako, akaogopa hata kukata kucha. Anaweza kujiuliza, na atakuwa na haki, kama unamtaka kweli. Ukichagua hivyo, nakushauri usianze na hitimisho. Usimwambie "sikutamani ukiwa karibu", kwa sababu hata wewe hujui kama ni kweli. Msimulie shati. Msimulie mfuko na fundo na Jumapili, kisha na ile siku ya tatu, kwa mpangilio ulionisimulia mimi. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu kusikia "kuna kitu kinazima" na kusikia kwamba kwa miaka hii yote kuna mwanamke aliyevuta pumzi tatu kwa wiki ili asimmalize.

Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu huko Basel, Uswisi, juu ya ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Aliutungia jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, kurudi na maumivu: nostalgia. Kwake hamu ilikuwa maradhi, na dawa yake ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani. Nilikufikiria wewe, ambaye unaniambia dawa ndiyo inayokuuma. Nikamkumbuka tena Plato, ambaye alimwandika Socrates akibishana kwamba mtu hutamani tu kile asichokuwa nacho. Ukikubali hapo, umekwisha, kila kinachopatikana kimekufa. Lakini Socrates huyo huyo aliona shida: mbona aliye na afya naye husema anataka afya? Akajibu kwamba mtu huyo anatamani alicho nacho leo kiwe bado naye kesho. Kwa hiyo kuna kutamani kwa aina hiyo, kunakoelekea kwa mtu aliye ndani ya nyumba. Hakuna kelele za kituo cha mabasi. Sijui kama kwako kutakuja. Najua kwamba hujawahi kukaa siku nyingi za kutosha kujua.

Na inawezekana, baada ya haya yote, ukagundua kwamba humpendi huyu mtu ila kama safari. Hilo nalo si dhambi. Litakuwa na maumivu yasiyo na utamu, yake na yako, na utakuwa na deni la kumwambia mapema kabla hajauza kila kitu.

Ndiyo maana lile la kitanda lisisubiri. Siku nne ni nyingi kwa aliyeuliza kwa furaha. Jibu si lazima liwe ndiyo au hapana. "Nipe hadi wiki ijayo, kuna jambo nataka tulizungumze kwanza" ni jibu, na ni la kweli.

Umenieleza shati hadi upande wa kola uliochakaa. Juu yake yeye najua kucha, kiganja kwenye kioo, na maneno mawili. Ukiniandikia tena, na ningependa sana uniandikie, niambie anaongeaje akiwa na usingizi, na ni kitu gani kilimchekesha mara ya mwisho ulipomwona akicheka.

Shangazi yako